Sekunde Moja ya Wembe

Mama Giza hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alilipata hospitalini, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya kitengo cha eksirei, ambako karibu umri wake wote wa kazi alisafisha picha za mifupa ya watu. Mbavu, magoti, mafuvu, bega la huyu na nyonga ya yule, vyote vilipita mikononi mwake kabla daktari hajaviona. Humo ndani hamkuwa na mwanga ila taa nyekundu, ndogo, na hata hiyo aliiwasha kwa mazoea tu, maana alijua kila chupa ilipo. Wenzake wakipita mlangoni walimwita Mama Giza, naye akaitika kwa maringo, kwani kwake lilikuwa jina la cheo. Mwite leo kwa jina la kwenye kitambulisho uone kama atageuka.

Alipostaafu, watu walidhani sasa atakaa juani kama binadamu wengine. Thubutu! Jirani yake mmoja, mzee mpiga picha, alikuwa anafunga studio yake ili ahamie kwa watoto wake, mji mwingine. Akamwita, akamkabidhi kamera yake ya miguu mitatu, mashine ya kukuzia picha, masinia, dawa, karatasi, na mikanda miwili ya filamu nyeusi na nyeupe, ndiyo iliyobaki. "Chukua wewe," akamwambia. "Hawa vijana wa flashi hawana habari na giza. Wewe umelizoea." Mama Giza akavibeba vitu vile mpaka nyumbani kwa mafungu, akipita katikati ya barabara makusudi ili aonekane.

Mumewe alikuwa fundi rangi, na ndiye aliyemtengenezea chumba. Walitoa magunia na ndoo stoo, akapaka kuta rangi nyeusi, akapaka na kioo cha dirisha, akapigilia blanketi mlangoni. "Maisha yangu yote watu wananiita nikawang'arishie nyumba," alilalamika juu ya ngazi. "Wa kwanza kunitaka nimtilie giza ni mke wangu wa ndoa!" Huyu fundi rangi, tumjue mapema, alikuwa na vitu viwili vya kujivunia, ndevu na mdomo. Ndevu zilikuwa nyingi, na mdomo ulizidi. Anaongea akila, anaongea akipaka rangi, hata usingizini anaongea na kusubiri ajibiwe.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Baba yake Mama Giza alikuwa kinyozi wa wembe, ule wembe wa kukunja unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi. Kibanda chake kilikuwa na kioo kirefu na kiti cha chuma kinachozunguka, na katika kiti hicho walipita mabwana harusi, mahakimu, wapiga debe, na watoto waliokuja kupakwa povu kidevuni kwa utani halafu wakarudi wakiwa na ndevu za kweli. Lakini uzee ukaja na mtetemeko. Mikono yake ikikaa bure inatetemeka, yote miwili, ikipokea kikombe kinagongana na sahani. Siku moja mteja mgeni alikaa kitini, akapakwa povu, akainua macho akauona wembe unakuja huku unacheza hewani. Jamani! Alichomoka na kitambaa shingoni, nusu ya uso povu, akaupita mtaa mzima mbio, na kitambaa hakikurudi mpaka leo. Mchana ule ule mzee akabatizwa jina, Kinyozi Tetemeko. Wateja wakapungua, kisha wakakauka.

Mzee alikuwa na neno moja tu la kujitetea, na alilisema kwa kila aliyetaka kusikiliza. "Unatetemeka ukiwa hewani. Ukigusa shavu, unatulia." Na ni kweli. Mama Giza alishamwona akimnyoa fundi rangi kingo za ndevu sebuleni, akaona kwa macho yake jinsi mkono wa kulia unavyokuja ukiyumba, halafu wembe ukishaigusa ngozi, kimya, umetulia tuli. Kazi ndiyo ilikuwa inautuliza. Mkono wa kushoto, usio na kazi, uliendelea kucheza peke yake pembeni.

Lakini kaka yake Mama Giza hakuamini. Kaka mtu alikuwa karani wa bandarini, mtu wa kunyoosha suruali, na ile habari ya mteja aliyekimbia na povu ilimfikia kazini ikiwa imetiwa chumvi mara kumi. Aliona haya hadi akakosa hamu ya chakula. Alikifunga kibanda kwa kufuli, ufunguo akatia mfukoni, na akapata kijana wa mashine za umeme atakayechukua kibanda pamoja na kiti. "Mwisho wa mwezi anahamia," akasema. "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Kabla hujamkata mtu koo, tuishie hapa." Wakamwomba aje aone mwenyewe. Alikuja, akasimama mbele ya baba yake, amekunja uso na mikono, na mzee chini ya macho yale akatetemeka kuliko siku zote, hata brashi ya povu ikamdondoka. Kaka akachukua kofia yake. "Mmeona wenyewe," akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo mzee akaanza kukaa na mikono mifukoni, hata kwenye joto, na watu wakimpa mkono anawainamishia kichwa. Mama Giza hilo lilimuuma kuliko mengine yote. Alimzoea baba yake akisalimia mtaa mzima kwa mkono, akikamata na kutikisa mpaka mtu acheke.

Miaka hiyo simu zilikuwa za kupigia na kupokea tu. Mama Giza akamwita kijana mmoja wa flashi, akampiga picha mzee akimnyoa fundi rangi kingo za ndevu, ikapelekwa kwa kaka. Kaka aliiangalia kidogo akaicheka. "Dada, flashi inamgandisha hata kuku anayekimbizwa. Hii inanionyesha nini?"

Alitaka kumkatisha tamaa, kumbe kampa wazo! Mama Giza alirudi nyumbani nusura akimbie. Katika eksirei alijifunza jambo moja, mgonjwa akipumua wakati wa kupigwa, picha inatoka ukungu, na mashine haimhurumii mtu. Na zile filamu mbili za stoo zilikuwa filamu za polepole. Maana yake, zinakunywa mwanga taratibu. Ukipigia ndani ya nyumba, kwa mwanga wa dirisha, jicho la kamera linabidi libaki wazi sekunde moja nzima, na katika sekunde hiyo chochote kitakachocheza, hata ukope, kitatoka ukungu. Kikitoka safi, basi kilitulia kweli, na hakuna karani wa kubisha.

Wakapiga mkanda wa kwanza. Fundi rangi alikalishwa kwenye kiti cha mezani karibu na dirisha, povu limemjaa, na mkewe nyuma ya kamera akamwamrisha kwa sauti ile ile ya hospitalini, "Vuta pumzi! Zuia! Usipumue! ... Pumua." Mzee aliweka wembe shavuni, mkono wa kushoto kauficha kwenye mfuko wa aproni. Kila picha ilikuwa hivyo, na kila baada ya picha ndevu zilipungua kidogo, mpaka mkanda ukaisha na kidevu cha fundi rangi kikabaki wazi. Majirani walimpita bila kumjua. Yeye mwenyewe alijishtukia kwenye vioo.

Mama Giza akaingia stoo na mkanda wake. Akafunga mlango, akashusha blanketi, akawasha taa nyekundu kama alivyofanya maisha yake yote, akaufungua mkanda kwa raha zake. Alishika ncha zake mbili, akaupitisha kwenye sinia la dawa, mkono mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, huku anaimba chini chini wimbo wa kubembelezea watoto alioutunga mwenyewe. Huo ndio uliokuwa saa yake. Ubeti wa mwisho ukiisha, picha zimeiva. Ubeti wa mwisho ukaisha, akauinua mkanda aone.

Ulikuwa mweusi. Mweusi tii, kutoka ncha mpaka ncha, hakuna sura, hakuna wembe, hakuna chochote. Aliukazia macho, akaukimbiza nje kwenye jua, ukawa mweusi vile vile. Akampigia simu yule mzee wa studio, naye aliposikia habari ya taa nyekundu akapiga ukelele. "Mungu wangu! Mama Giza, filamu ya eksirei haiioni nyekundu, ndiyo maana ulikuwa unatamba nayo. Hii inaona rangi zote! Kwa taa yako umeiunguza yote. Hii inataka giza tupu, giza la kaburi. Ile nyekundu ni ya karatasi tu, wakati wa kuchapa."

Lo, alilia! Hakulia kwa ajili ya filamu, alilia kwa sababu jina lenyewe ni Mama Giza. Watu walimwita hivyo, naye akavimba kichwa, akawasha taa asipotakiwa. Akaenda kwa baba yake kumwambia ukweli, akasimama mlangoni na ule mkanda mweusi unaning'inia.

Mzee aliutazama. "Basi leo na wewe umemkata mteja," akasema.

"Baba, nimekuangusha."

"Mimi nimewahi kumkata mtu sikio, hakimu mzima. Wiki iliyofuata alirudi, akakaa kitini, akaniambia, 'Sikio moja bado.' Umebakiwa na mkanda?"

"Mmoja."

"Na mkwe ana ndevu?"

Hapo ndipo kwenye kasheshe. Mkwe hakuwa na ndevu hata za kumkwaruza nzi, na mwezi ulikuwa unakimbia. Basi nyumba nzima ikaanza kuzilea ndevu za fundi rangi. Akaambiwa asijikune. Akapakwa mafuta. Mkewe akamkagua kila asubuhi dirishani, akigeuza kidevu huku na huku, naye akilalamika, "Kumbe siku zote nilikuwa nimeoa, leo nimekuwa shamba!" Kaka akapeleka salamu kwamba kijana wa mashine ameshanunua shuka mpya za wateja. Mama Giza akajibu kwamba azitunze vizuri, atazihitaji kulalia.

Mwezi ulipokaribia kukatika, ndevu zikatosha. Wakakaa tena pale dirishani. Mama Giza akafunga miguu ya kamera, akapima mwanga, akainama, halafu akainuka. Kuna kitu hakikumkaa vizuri. Alikiona, lakini alishindwa kukisema, maana utamwambiaje baba yako?

Mzee alimsoma. Alikuwa kinyozi, kazi yake ilikuwa kutazama nyuso. Akauangalia mkono wake wa kushoto ulivyojificha kwenye mfuko wa aproni, akavuta pumzi, akautoa. Ukaanza kucheza hapo hapo, mbele ya kamera, mbele ya mkwe.

"Kama ni ushahidi, uwe ushahidi," akasema. "Ipige mikono yote miwili."

Mama Giza alitamani kumkumbatia, ila mwanga wa dirisha haungoji mtu. Akainama. "Vuta pumzi! Zuia! Usipumue!" Na fundi rangi, yeye ambaye hata usingizini anaongea, akanyamaza, wembe umemkaa chini ya taya, jicho limemtoka, mpaka jicho la kamera likafunguka na kujifunga. "Pumua," akaambiwa, naye akapumua na kuongea mfululizo hadi jioni.

Safari hii Mama Giza hakujiamini kijinga. Alitoa balbu nyekundu kwenye kishikio chake, akampa mumewe aitie mfukoni. "Hata nikikuomba kwa machozi usinipe," akamwambia. Dawa ilikuwa na joto, akaliweka sinia ndani ya beseni la maji na vipande vya barafu vya jirani, akapima kwa kiwiko pembeni ya sinia mpaka akaridhika. Kisha akaingia, akafunga, akashusha blanketi, akaziba na ufa wa chini kwa kanga.

Giza lile lilikuwa jingine. Hospitalini siku zote kulikuwa na kale kamwanga kekundu ka pembeni. Humu alifumba macho, akafumbua, ikawa ni mamoja. Akaupapasa mkanda, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukapanda wenyewe hadi kwenye swichi ya ukutani ukabonyeza. Ka! Moyo ulimpasuka. Hakikuwaka kitu. Akakumbuka balbu iko kwenye suruali ya mumewe nje ya mlango, akacheka peke yake mle gizani, machozi yanamtoka.

Akaufungua mkanda, akautoa kwenye karatasi yake ya mgongoni kwa ncha za vidole, akashika huku na huku, akaupitisha kwenye dawa. Mkono unapanda, mkono unashuka. Akaimba. Hakuukimbiza wimbo wala hakuuburuza, aliimba vile vile alivyokuwa akiwaimbia wanawe wakisinzia. Nje ya mlango akamsikia mumewe naye ameanza kuufuatisha, sauti mbovu lakini ubeti sahihi, na hapo nyuma yao sauti ya mzee, amekaa kwenye kigoda korido, anaitikia. Ubeti wa mwisho ukaisha. Akauingiza kwenye dawa ya kukazia, akasubiri hadi asiwe na shaka yoyote, halafu akauinua mlango wa blanketi akatoka, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni.

Akaenda dirishani, akauinua kama alivyokuwa akiinua mbavu za watu. Palikuwa na picha. Povu jeupe lilikuwa limetoka jeusi, uso wa mume umegeuka kivuli cheupe, ndivyo filamu ilivyo kabla ya kuchapwa, na katikati ya povu palipita mstari mmoja mwembamba, makali ya wembe, umenyooka bila ukungu hata kidogo. Mama Giza aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. "Nirudishieni balbu yangu," akasema. "Sasa nachapa."

Picha ilipanda kwenye karatasi polepole ndani ya sinia, chini ya taa nyekundu ambayo sasa ilikuwa kwenye kazi yake halali. Mzee alikuwa amesimama ubavuni mwake. Kwanza ilitokea pazia la dirisha, kisha jicho la mkwe, kisha mkono wa kulia wa mzee, na kila mshipa, na kovu la kidole gumba, na kucha. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia dawa. "Mkono wangu huo," akasema. Akasema tena, "Mkono wangu." Mama Giza hakuona aibu kumwambia, "Ndiyo, Baba, na najivunia mno." Akamshika ule wa kushoto, ukatetemeka ndani ya mkono wake, wakasubiri picha iive.

Kaka alikuja siku aliyosema atakuja, suruali imenyooka, ufunguo mkononi. "Yule kijana atafika baadaye na mkokoteni," akasema kabla hajakaa. "Baba, usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya," mzee akasema. "Mpe picha yake, binti yangu."

Mama Giza akampa, kubwa, nyeusi na nyeupe, imekauka vizuri. Akamweleza kwa maneno machache habari ya filamu ya polepole na ya sekunde moja. Kaka aliipokea kwa uso wa mtu anayekuja kukataa. Aliangalia wembe. Akaisogeza karibu na dirisha, akaangalia tena. Halafu kidole chake kikashuka chini ya picha, pembeni ya aproni, mahali palipokuwa na kitu cheupe kisicho na umbo.

"Na huu moshi?"

"Si moshi," Mama Giza akasema. "Ni mkono wake wa kushoto. Sekunde ile ile, kaka. Picha ile ile."

Macho ya kaka yalitoka kwenye ule moshi yakaenda kwenye wembe, yakarudi kwenye moshi, yakaenda tena kwenye wembe. Fundi rangi alifungua mdomo aseme kitu, mkewe akamkanyaga mguu.

"Aliutoa mwenyewe?" kaka akauliza.

"Mwenyewe. Sikumwomba."

Kaka akaikunja shingo ya shati lake ndani, akaanza kutembea. Wakamfuata, wasijue anakwenda wapi mpaka walipofika kibandani. Akafungua kufuli, akasukuma milango yote miwili wazi kwa barabara, vumbi likapanda, akapiga kiti cha chuma kwa leso yake na kukaa. Wapita njia wakasimama. Mmoja akasema, "Tetemeko kafungua!" na wengine wakasogea kuona mtu atakavyokimbia.

Mzee alipaka povu. Alinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, taratibu, upande huu na upande ule. Kisha mkono ukaja kupitia hewani, unacheza, na watu wa mlangoni wakarudi nyuma. Kaka aling'ang'ania mikono ya kiti, akafumba macho.

"Fumbua, mwanangu," baba yake akamwambia. "Picha umeshaiona. Sasa nitazame mimi."

Kaka akafumbua macho. Kwenye kioo kirefu aliuona mkono ukifika shavuni, ukatulia.